Nani Ang'oe Vigingi? Makazi ya Kuhama na ya Muda katika Sanaa na Usanifu wa Kisasa



Naanza na mnada. Mwezi Juni 2007, jijini New York, kampuni ya Christie's iliuza nyumba nzima kwa karibu dola milioni 5 za Marekani. Nyumba yenyewe ilitengenezwa Ufaransa, kwenye karakana ya Jean Prouvé huko Maxéville karibu na mji wa Nancy, na mwaka 1951 ikasimamishwa Brazzaville. Prouvé alikuwa fundi chuma kabla watu hawajaanza kumwita msanifu, na nyumba ile inaonyesha mkono wa fundi. Mifupa yake ni chuma kilichokunjwa, kuta ni paneli za alumini zenye matundu ya duara yaliyotiwa kioo cha buluu, paa ni la tabaka mbili ili upepo upite katikati, na baraza limezungukwa na mabamba ya kukinga jua. Vipande vyote vilipimwa viweze kuingia kwenye ndege ya mizigo. Watawala wa kikoloni walitarajiwa kuagiza nyumba nyingi za aina hiyo. Zikasimama tatu tu, moja Niamey mwaka 1949 na mbili Brazzaville, maana hazikuwa rahisi kuliko nyumba zilizojengwa papo hapo, na maofisa wenyewe sura yake haikuwavutia.

Nyumba hizo zilikaa nusu karne. Watu waliishi ndani yake, watoto wakakulia humo, vita vya Kongo-Brazzaville vikaacha matundu ya risasi kwenye paneli. Kisha mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Paris akazinunua, akazifungua skrubu kwa skrubu, akazisafirisha Ufaransa na kuzikarabati. Ile iliyouzwa New York ilisimamishwa kwanza Queens ili wateja waione, na mwaka 2008 ikasimama London nje ya jumba la sanaa la Tate Modern, watu wakapanga foleni kuipanda ngazi.

Nyumba ilibuniwa ihame, na kweli ilihama. Lakini safari ile ya pili haikupangwa na aliyekuwa analala ndani. Msanii Ângela Ferreira, mzaliwa wa Maputo, alilishika jambo hilo barabara. Mwaka huohuo wa mnada, katika banda la Ureno kwenye maonyesho ya Venice, alitengeneza kazi yenye umbo la kontena refu, na ndani yake vipande vya nyumba vimepangwa kama mzigo wa melini. Mtazamaji hupita katikati ya mzigo kama kwenye ujia, hapati chumba cha kuingia wala baraza la kukaa. Pembeni mwake ziliwekwa picha alizopiga Niamey na Brazzaville za viwanja vilivyobaki baada ya nyumba kuondolewa. Manthia Diawara, mtengenezaji filamu kutoka Mali, akafuatana na msanii huyo katika filamu ya mwaka 2008, akawaendea watu walioishi na nyumba hizo na kuwasikiliza.

Kwa hiyo swali langu la usiku huu ni hili: nani ang'oe vigingi? Makazi yanapoitwa ya kuhama, nani mwenye uwezo wa kuyafunga na kuondoka nayo, na nani anayeamua siku? Vitabu vya usanifu vya miaka 60 iliyopita vimejaa mahema, maputo, makontena na vibanda vya kukunja, na vinatuambia uzito, bei na muda wa kusimamisha. Hayo ni ya maana. Lakini mimi nadhani kipimo cha kwanza ni haki ya mkaaji juu ya safari ya nyumba yake, na tukianza hapo, orodha ya kazi kubwa za kisasa inabadilika kabisa.

Tuna walimu wa jambo hili hapa karibu. Kaskazini mwa Kenya, katika nchi kavu ya Marsabit, Wagabra wanaishi katika nyumba za fito zilizopindwa, zikafunikwa kwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za mimea, kwa ngozi na kwa nguo. Nyumba ni ya mwanamke. Huanza na harusi yake, ikajengwa na wanawake wa pande mbili, na yeye ndiye anayeishona, anayeiziba na anayeivunja. Siku ya kuhama, mikono ya wanawake hutangulia kufanya kazi. Mikeka hushushwa, fito hufunguliwa kwa mpangilio maalumu, ngamia huketishwa. Na hapa ndipo pa kutazama kwa makini: fito zilezile zilizokuwa kuta na paa hufungwa ubavuni mwa ngamia, zikapinda juu ya mgongo wake na kufanya kiti chenye kivuli, na mikeka ikawekwa ndani. Mtoto mchanga, mgonjwa au bibi kizee husafiri humo. Nyumba haibebwi ikiwa mzigo uliokufa, inageuka chombo cha safari, na jioni, mahali papya, vitu vilevile vinarudi kuwa nyumba yenye upande uleule wa moto na upande uleule wa kulala.

Labelle Prussin, msanifu wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake Afrika, mwaka 1995 alitoa kitabu kikubwa juu ya usanifu wa wahamaji wa bara hili, akishirikiana na wanawake wenzake watafiti. Kitabu kile kilionyesha kwa michoro na vipimo kwamba wasanifu wa nyumba hizi ni wanawake, na kwamba ndoa, ngamia na nyumba ni kitu kimoja. Kingefaa kisomwe katika kila chuo cha usanifu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi wetu wanahitimu wakijua majina ya kila jengo la vioo la Chicago, na nyumba ya Mgabra wameiona kwenye kalenda ya watalii.

Wala tusidhani kwamba ujuzi huo uko kwa wafugaji peke yao. Wavuvi wa pwani yetu wanaofuata samaki kwa misimu huenda dago: hujenga vibanda vya fito na makuti ufukweni, wakakaa wiki au miezi, na upepo ukigeuka wakaviacha vioze au wakachukua kinachochukulika. Na mtu akifiwa Dar es Salaam, kabla jua halijawa kali vijana wa mtaa wamekwisha kuifunga njia. Mabomba ya chuma yanaunganishwa, turubai linavutwa juu yake, kamba zinafungwa kwenye mwarobaini wa jirani, kwenye nondo za geti, au kwenye tofali zito lililowekwa pembeni. Viti vya plastiki vinashushwa, mikeka inatandikwa upande wa kina mama, masufuria yanapandishwa mafigani nyuma ya nyumba. Barabara imekuwa sebule. Siku matanga yakianuliwa, vyote vinapakiwa kwenye pikapu na magari yanapita tena. Hapo kila mmoja anajua nani ameamua kusimamisha, nani anashika kamba, na lini litashushwa. Mimi hilo naliita usanifu wa hali ya juu.

Sasa tuende Ulaya na Marekani ya karne iliyopita. Sitakaa sana kwa kundi la Archigram la London, ingawa wanafunzi hulipenda. Mwaka 1964 mmoja wao, Ron Herron, alichora mji mzima wenye miguu, majengo makubwa yanayotembea juu ya ardhi na maji. Mwenzake Michael Webb akabuni baadaye nguo inayovimba ikawa chumba. Michoro ile ilifungua vichwa vya watu, hilo sikatai. Lakini haikuwa na watu wa kupika wala kufua, na haikuwa na mtu aliyefukuzwa mahali. Kuhama kulikuwa raha ya kijana mwenye pesa na umeme wa kutosha.

Frei Otto wa Ujerumani alikwenda mbali zaidi kwa sababu alijua vita. Alikuwa rubani, akawa mateka wa vita nchini Ufaransa, na kambini huko akalazimika kujenga kwa vitu vichache alivyopata. Maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa utafiti wa vitu vyepesi: povu la sabuni, utando wa buibui, nyavu za chuma na turubai lililovutwa sawasawa kila upande. Paa alilosaidia kulibuni kwa ajili ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 bado lipo. Elimu ya namna hiyo ndiyo iliyozaa jengo la mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ambayo mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Ni mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo, yamening'inizwa kwa nyaya juu ya nguzo ndefu za chuma, na hewa ya moto inapanda na kutokea juu. Mahujaji wengi wa pwani yetu wamepumzika chini yake wakisubiri mabasi. Na baada ya moto wa mwaka 1997 kwenye mahema ya mahujaji huko Mina, uliowaua watu zaidi ya 340, mahema ya pamba yaliondolewa yakawekwa yasiyoshika moto, kama laki moja kwa hesabu, ambayo hayang'olewi msimu ukiisha. Hayo ni mahema kwa umbo tu, lakini roho za watu zimeokoka, na katika jambo hilo sina la kubishana.

Mahali ambapo sanaa ya kisasa iligusa swali letu kwa uzito ni barabarani, New York, mwishoni mwa miaka ya 1980. Krzysztof Wodiczko, mzaliwa wa Warsaw, aliwaona watu wasio na nyumba wakisukuma mikokoteni ya madukani iliyojaa chupa na makopo, ambayo waliyarudisha dukani wakapewa senti 5 kwa kila kopo. Akakaa na baadhi yao, wakachora pamoja, wakabishana, na mwaka 1988 akatoa gari la kusukuma kwa mkono lenye pua ya chuma. Pua hiyo hufunguka ikawa beseni la kunawia. Bodi la gari huvutwa kwa nyuma likarefuka hadi mtu aweze kulala, na chini yake kuna nafasi ya makopo. Gari likisimama mbele ya jengo la kifahari la Manhattan, hakuna anayeweza kupita bila kuliona. Wodiczko alisema wazi kwamba hilo halikuwa suluhisho la makazi. Lengo lake lilikuwa kuulazimisha mji uwaone watu hao kuwa ni wafanyakazi wenye vifaa, wenye mahitaji yanayopimika kwa sentimita.

Miaka kumi baadaye akaja Michael Rakowitz, Mmarekani ambaye familia ya mama yake ilitoka Iraki. Alikuwa mwanafunzi aliyekwenda Jordan kutazama mahema ya Mabedui, akaona jinsi wanavyoyageuza kufuata upepo wa usiku. Aliporudi Massachusetts aliona upepo wa aina nyingine: hewa ya moto inayotolewa nje mchana na usiku na mitambo ya majengo makubwa, huku watu wakilala kandokando ya matundu yake ili wasife kwa baridi. Akaanza kutengeneza makazi ya mifuko ya plastiki na tepu. Kuta zake zina tabaka mbili, na kuna bomba la plastiki linalofungwa kwenye tundu la jengo. Hewa ikiingia, kuta zinavimba, makazi yanasimama yenyewe, na ndani kunapata joto. Vifaa vyake vilikuwa vya dola 5 hivi. Asubuhi mwenyewe huchomoa bomba, makazi yakanywea, akayakunja na kuyatia begani.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rakowitz alitengeneza ya kwanza kwa mifuko myeusi, akiamini kwamba mtu anayelala nje anataka faragha kuliko kitu kingine. Wenyewe walimkatalia. Walimweleza kwamba wanachohofia usiku ni kutomwona anayewajia, na mchana ni kutoonekana kabisa na wapita njia. Wakataka plastiki inayopitisha mwanga, wakataka madirisha. Akabadilisha. Kila makazi yaliyofuata yalishonwa kwa kipimo na maelekezo ya mtu mmoja anayejulikana. Huko New York sheria ilihesabu kuwa ni hema haramu kitu chochote chenye kimo cha zaidi ya futi 3 na nusu, kwa hiyo mmoja wa wakaaji akatengenezewa makazi ya chini zaidi ya hapo, mwenye nyumba akalala ndani yake bila kuvunja sheria. Nimeziona picha zake mara nyingi, na kila mara nastaajabia jambo lilelile: jengo kubwa lenye walinzi mlangoni linapuliza pumzi yake ndani ya chumba cha mtu ambaye lisingemruhusu kuvuka kizingiti. Yeye ndiye anayeamua lini aunganishe na lini achomoe.

Sitasema hivyo juu ya kila kazi. Lucy Orta, Mwingereza aliyefanya kazi Paris, alianza mwaka 1992 kushona makoti yanayofunguka yakawa mahema ya mtu mmoja. Ni kazi safi, na alifanya warsha na wakaaji wa makao ya Jeshi la Wokovu. Lakini makoti mengi yamebaki majumba ya sanaa, na koti ambalo halijalowa mvua bado linangoja hukumu yake.

Sasa nije kwa mtu ambaye kazi yake imefungamana na eneo letu hili la Maziwa Makuu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka kuingia Ngara, Tanzania. Kambi ya Benaco ikazaliwa kilimani karibu usiku mmoja. Julai mwaka huo Goma ikapokea wengi zaidi. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilitoa turubai la plastiki la mita 4 kwa 6 kwa kila familia, na nguzo kila familia ikajitafutia. Mtu wa kawaida atajua kilichofuata: shoka. Vilima vikaanza kunyolewa miti kwa ajili ya nguzo na kuni. Zilipojaribiwa nguzo za alumini, wakimbizi waliziuza, kwa sababu alumini ni pesa na mtoto ana njaa, kisha wakarudi msituni.

Shigeru Ban, msanifu wa Tokyo, aliziona picha za watu wale wamejifunika mablanketi kwenye mvua, akaenda Geneva bila kualikwa kuwaeleza maofisa wa UNHCR habari za mabomba ya karatasi. Alikuwa ameyatumia tangu mwaka 1986. Ni yale magamba magumu ambayo juu yake huviringishwa nguo au karatasi kiwandani, ila yakiwa marefu na manene zaidi. Yanatengenezwa kwa karatasi iliyokwisha kutumika, hayana thamani sokoni ya kumshawishi mtu ayauze, na mashine ya kuyatengeneza ni ndogo kiasi cha kuweza kupelekwa kambini. Yalipimwa uimara, yakapimwa kwa mchwa, na mwaka 1999 vibanda 50 vikajengwa katika kambi ya Byumba, kaskazini mwa Rwanda, ili vifuatiliwe.

Nataka mlione jambo ambalo sifa za magazeti hulipita. Ban hakufanikiwa kwa kubuni kitu cha kupendeza. Alifanikiwa kwa kuelewa kwamba mkimbizi ni mtu mwenye hesabu zake. Akipewa kitu cha thamani atakiuza, na ana haki. Akinyimwa nguzo atakata mti, na hakuna wa kumlaumu. Karatasi ilijibu hesabu hiyo.

Kati ya Geneva na Byumba likatokea tetemeko la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,000. Ban alijenga huko nyumba za mabomba ya karatasi, msingi wake kreti za bia zilizotiwa mifuko ya mchanga, paa lake turubai. Wakaaji wa kwanza walikuwa hasa Wavietnamu waliowahi kuwa wakimbizi na waliokuwa wamebaki kwenye bustani za mji kwa sababu kambi za serikali zilikuwa mbali na kazi zao. Parokia yao Katoliki ya Takatori ilikuwa imeungua. Watu wa kujitolea 160 wakajenga kwa wiki 5 kanisa la nguzo 58 za karatasi zilizopangwa kwa umbo la yai. Lilikusudiwa likae kidogo tu. Likakaa miaka 10. Mwaka 2005 lilifunguliwa nguzo kwa nguzo na kusafirishwa Taiwan, kwenye kijiji kilichokuwa nacho kimepigwa na tetemeko, na liko huko hadi leo. Ban amerudia mara nyingi hoja moja tangu hapo: jengo la zege lililojengwa kwa tamaa ya faida huvunjwa likiwa bado changa, na la karatasi likipendwa na watu linadumu. Mnakumbuka nyumba ya Brazzaville? Hiyo nayo ilifunguliwa ikavuka bahari. Tofauti ni kwamba Takatori waumini wenyewe walilitoa kanisa lao, kwa watu waliopata msiba kama wao.

Kuna kazi nyingine ambayo siwezi kuiruka, nyumba ya kuunga inayofadhiliwa na Wakfu wa IKEA na kutumiwa na UNHCR. Inakuja ndani ya maboksi mawili, watu wanne wanaisimamisha kwa saa chache, ina mita za mraba 17.5, mtu mzima anasimama wima ndani yake, na juu kuna paneli ya jua ya kuwasha taa. Mwezi Januari 2017 ilipewa tuzo kubwa ya ubunifu London. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo, jiji la Zürich lilikuwa limekataa kuitumia baada ya kuijaribu kwa moto, na watengenezaji wakairekebisha. Wakosoaji husema ni kibanda kimoja cha kiwandani kwa hali ya hewa ya dunia nzima, na wana hoja. Lakini ina mlango unaofungwa kwa komeo. Muulizeni mwanamke yeyote aliyelala miezi kwenye turubai, mlango wake zipu au kanga iliyoning'inizwa, komeo lina maana gani. Kwa hilo peke yake naiheshimu.

Na hapa ndipo roho yangu inapouma. Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa, zilianzishwa mwaka 1991 zikikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Mwaka wa ukame wa 2011 waliokuwamo walikaribia nusu milioni. Wengi wao walitoka Somalia, na wanawake walikuja na ujuzi wa nyumba ya mfugaji: fito zilizopindwa, duara, mikeka. Mikeka iliyoachwa nyuma ilibadilishwa na maturubai ya UNHCR, magunia na vipande vya nguo. Kwa mbali utasema ni nyumba ileile ya kuhama. Lakini mkaaji wake haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Ana nyumba inayofunguka kwa nusu saa na hana mahali pa kwenda nayo. Ilipoanza kujengwa, kwenye upanuzi wa Ifo 2, nyumba za matofali ya udongo ulioshindiliwa, serikali ilisimamisha kazi kwa kuona zinafanana mno na makazi ya kudumu. Kwa hiyo kizazi kizima kimezaliwa, kimesoma, kimeoa na kuolewa chini ya kitu ambacho sharti lake la kwanza ni kionekane kitaondoka kesho. Mwaka 2016 kambi zikatangazwa kufungwa, mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikalitengua tangazo hilo, mwaka 2021 likatolewa jingine. Hapa neno "muda" limeacha kuwa kipimo cha jengo, limekuwa amri juu ya mtu. Anooradha Iyer Siddiqi, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kuhusu Dadaab, ameiweka kambi hiyo ndani ya historia ya usanifu inapostahili kuwa, na kuyatazama majengo ya wanawake wale kwa heshima ileile ambayo wengine humpa Prouvé.

Wasahrawi, walio katika kambi za Tindouf nchini Algeria tangu miaka ya 1970, wametoa jibu lao. Hema linasimama, na ubavuni mwake familia inajenga chumba cha udongo. Hema linabaki makusudi, kwa sababu linasema: tunarudi kwetu. Mwaka 2016 waliliweka hema lao kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice, pamoja na msanifu Manuel Herz, na ndani yake vitambaa vilivyofumwa na Umoja wa Kitaifa wa Wanawake wa Sahrawi vikionyesha ramani za kambi zao. Taifa lisilo na banda miongoni mwa mabanda ya mataifa lilisimama hapo chini ya turubai lake. Kuliacha hema likiwa limesimama ni uamuzi wao, na vigingi viko mikononi mwao.

Kazi haijaisha, na sehemu kubwa yake iko mlangoni kwetu. Kalobeyei, karibu na Kakuma, UN-Habitat ilimwita Ban tena mwaka 2017, na nyumba za mfano zikabuniwa kwa mabomba ya karatasi, kwa mbao na kwa matofali ya udongo. Alichokisisitiza ni kwamba mkaaji aweze kuijenga na kuitengeneza bila kusimamiwa na fundi wa mbali. Ni maneno mazuri. Ningependa sharti moja liongezwe kwenye mikataba ya namna hiyo: mwanamke wa Kiturkana au wa Kisomali anayejua kupinda fito alipwe ujira wa msanifu, si posho ya kushiriki mkutano.

Na kwenu walimu wa vyuo, ombi langu ni dogo. Kabla mwanafunzi hajachora kibanda cha dharura kwenye kompyuta, apelekwe Marsabit, au dago, akiwa na daftari na tepu ya kupimia. Akae na mwenye nyumba hadi siku ya kuhama, apime kila fito, aandike mkono upi hufungua kamba ipi kwanza. Akirudi, mchoro wake uwe na jina la mama yule kwenye kona ya karatasi, pale panapoandikwa jina la msanifu, na jina la mwanafunzi liwe chini yake, kwa kazi ya kupima.